Sumaku na saratani: ukweli uko wapi?

MAMA mmoja mkazi wa Tudor, ambaye kwa heshima yake sitamtaja jina, aliona uvimbe katika titi lake la kushoto. Ulikuwa mdogo kama punje ya kunde na haukumuuma hata kidogo. Kwa kuwa haukumuuma, hakuujali. Baadaye, alipomdokezea jirani yake, aliambiwa yuko kijana anayepita nyumba kwa nyumba akiuza bangili za sumaku, na kwamba bangili hizo zimewasaidia wengi: wenye baridi yabisi, wenye shinikizo la damu, wenye sukari, na hata wenye uvimbe.

Kijana alikuja. Alitoa msumari mfukoni, akauonyesha ukirukia bangili. Kisha akasema, "Mama, umeona? Ndani ya damu yako mna chuma. Sumaku huivuta damu chafu ikatoka kwenye uvimbe, na uvimbe hunyauka."

Mama alinunua bangili kwa shilingi elfu nne. Aliivaa usiku na mchana kwa miezi minane. Punje ya kunde ikawa ndimu.

Nilipomtembelea, tayari alikuwa ameanza matibabu ya kweli. Tulikaa barazani jioni, upepo wa hori ukipuliza, naye akaniuliza swali ambalo limenisumbua mpaka nikaamua kuliandikia makala haya. Alisema, "Mwanangu, damu ina chuma, hilo tulifundishwa hata sisi tulioishia darasa la saba. Na sumaku huvuta chuma, hilo nimeliona kwa macho yangu. Sasa mimi ningejuaje kwamba ni uongo?"

Swali lake ni la haki. Jibu lake ni refu kidogo, kwa sababu muuzaji yule alitumia mambo mawili ya kweli kujengea jambo moja la uongo. Zaidi ya hayo, kuna wanasayansi ambao kwa kweli wanaitafuta njia ya kupambana na saratani kwa sumaku. Anayewabeza wauza bangili bila kulieleza hili la pili huwa anampa msomaji nusu ya habari.

CHUMA CHA DAMU SI MSUMARI

Tuanze na damu. Mwili wa mtu mzima una gramu tatu hadi nne hivi za chuma, kiasi cha msumari mmoja mdogo. Sehemu kubwa imo katika chembe nyekundu za damu, ambako kazi yake ni kuibeba hewa ya oksijeni. Lakini chuma hicho hakikai kwa mafungu kama katika msumari. Kimetawanywa atomu moja moja, kila moja imefungwa peke yake ndani ya protini.

Nguvu ya msumari mbele ya sumaku inatokana na atomu nyingi kuelekea upande mmoja kwa pamoja, mfano wa askari kwenye gwaride. Askari mmoja mmoja waliotapakaa mitaani si gwaride. Mwaka 1936 wanakemia wawili wa Marekani, Linus Pauling na Charles Coryell, waliipima damu kwa sumaku. Waligundua kwamba damu yenye oksijeni husukumwa na sumaku, tena kidogo mno, na ile iliyokwisha kuitoa oksijeni yake huvutwa, nayo kidogo mno. Vyote viwili ni vidogo kiasi kwamba vinahitaji mizani ya maabara kuonekana.

Iwapo msomaji bado ana shaka, na aitazame mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Sumaku ya mashine ya kawaida ya aina hiyo ina nguvu ipatayo mara 40,000 na zaidi ya ile nguvu ya dunia inayoigeuza dira ya nahodha. Ni nguvu ya kunyakua mtungi wa oksijeni kutoka mkononi mwa muuguzi. Mgonjwa hulala ndani yake nusu saa au zaidi, na damu yake huendelea kuzunguka kama kawaida, haikusanyiki upande mmoja wala haiachi uvimbe. Ikiwa dubwana hilo halivuti damu, bangili ya elfu nne italivutia wapi?

Bangili zenyewe zimekwisha kupimwa. Mwaka 2007 jarida la chama cha madaktari wa Canada lilichapisha uchambuzi wa majaribio mbalimbali ya sumaku za kuvaa, na halikupata ushahidi kwamba zinapunguza maumivu. Mwaka 2013 watafiti wa York, Uingereza, walitoa matokeo ya wagonjwa 70 wa baridi yabisi waliovaa mikanda ya sumaku na bangili za shaba kwa zamu, pamoja na za bandia zisizo na nguvu. Hapakuwa na tofauti yoyote ya maana. Na hayo ni maumivu ya viungo. Kuhusu saratani, hakuna hata haja ya kubishana.

MOTO NDANI YA UVIMBE

Sasa tuje upande wa pili, ule ambao wauza bangili wenyewe hawaujui.

Madaktari wamejua kwa muda mrefu kwamba chembe za saratani hazistahimili joto sawasawa na nyama nzima. Joto la mwili wenye afya ni kama nyuzi 37 za sentigredi. Uvimbe ukipashwa mpaka kati ya nyuzi 42 na 45, chembe zake nyingi hudhoofika, na zile zinazobaki huuawa kwa urahisi zaidi na mionzi au dawa. Shida ni kuufikisha moto huo ndani ya uvimbe bila kumchoma mtu mzima.

Mwaka 1957 Dakta R. K. Gilchrist na wenzake wa Chicago walikuja na wazo. Walichukua unga mwembamba sana wa chuma kilichoungana na oksijeni, yaani ndugu wa kutu, wakautia katika tezi za mbwa, kisha wakauzungushia sumaku ya umeme inayogeuza kaskazini na kusini yake kwa kasi kubwa mno. Unga ukapata moto. Nyama iliyouzunguka haikupata.

Kwa nini unga upate moto? Chukua kipande cha waya, ukipinde huku na huku haraka haraka mpaka kikatike, kisha ukiguse pale kilipokatikia. Kitakuunguza kidole. Chembe ya sumaku inapolazimishwa kugeuka huku na huku mara laki moja au zaidi kwa kila sekunde, nayo huchoka vivyo hivyo na kutoa joto. Bangili, kwa kuwa imetulia tu mkononi bila kugeuzwa, haitoi joto lolote.

Wazo hilo lilikaa maabara kwa zaidi ya miaka 50. Ilipofika mwaka 2010, tiba ya namna hiyo iliyotengenezwa na kampuni ya Berlin, Ujerumani, ilipata kibali cha Ulaya kwa uvimbe wa ubongo. Chembe zake ni ndogo hivi kwamba maelfu yanaweza kupangwa katika unene wa unywele mmoja. Daktari huzidunga moja kwa moja ndani ya uvimbe, kisha kichwa cha mgonjwa huingizwa kwenye mashine. Mwaka uliofuata yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 59 ambao saratani ya ubongo ilikuwa imewarudia: nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13 tangu kurudiwa, ambapo wagonjwa wa zamani waliolinganishwa nao waliishi kama miezi sita. Lakini hawakulinganishwa na kundi lililotibiwa wakati huo huo bila sumaku, kwa hiyo wataalamu wengi walibaki na tahadhari. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2022. Ni vyema kuyasema yote, mazuri na mabaya.

Na ugumu mkubwa katika tiba hii ni kujua pa kuachia. Nyuzi 43 ni dawa. Nyuzi 50 ni kuunguza ubongo wa mtu. Chembe za kutu hazijui tofauti hiyo. Ukiendelea kuzigeuza, zitaendelea kupata moto. Ndiyo maana daktari hulazimika kupitisha kipimajoto chembamba hadi ndani ya uvimbe na kulikodolea macho, huku joto la pembe moja ya uvimbe likiwa si lazima liwe sawa na la pembe nyingine.

Je, ingekuwaje kama chembe yenyewe ingejizima ikifika nyuzi 43?

SUMAKU INAYOJUA KUACHA

Swali hilo ndilo linalotuleta kwenye feriti, na hususan feriti ya nikeli iliyotiwa kromiamu.

Feriti si kitu kigeni nyumbani kwako. Nilikwenda kwa fundi wa redio mtaani, akanifungulia redio kuukuu na kunionyesha ule ufito mweusi uliozungushiwa waya mwembamba. Hiyo ni feriti, na ndiyo inayoyadaka mawimbi ya stesheni. Akanionyesha na kile kifundo cheusi kilichovimba kwenye waya wa kompyuta, ambacho wengi hudhani ni pambo. Hicho nacho ni feriti, kwa kawaida ya nikeli na zinki, na kazi yake ni kuzuia kelele za umeme. Aliniangushia kimoja sakafuni makusudi. Kilivunjika kama kigae, na ni kigae kweli: oksidi ya chuma imechanganywa na oksidi ya madini mengine, ikafinyangwa na kuchomwa tanurini kwa zaidi ya nyuzi 1,000. Wajapani wawili, Yogoro Kato na Takeshi Takei, ndio walioanza kuzitengeneza feriti hizi za kisasa mjini Tokyo mwaka 1930.

Jinsi feriti inavyopata nguvu ya sumaku ni jambo la kupendeza, nami namwomba msomaji anivumilie kidogo. Mfaransa Louis Néel alilieleza mwaka 1948, na mwaka 1970 akapewa tuzo ya Nobel. Fikiria mchezo wa kuvuta kamba. Ndani ya feriti atomu zimegawanyika timu mbili, nazo zinavutana kwa kuelekeana. Kila atomu ya chuma ina nguvu ya 5. Katika feriti ya nikeli, timu ya kwanza ina chuma kimoja. Timu ya pili ina chuma kimoja pia, pamoja na nikeli moja yenye nguvu ya 2. Vyuma viwili hushindana wakatoka sare, tano kwa tano. Ile nikeli dhaifu ndiyo inayoamua mchezo. Nguvu yote ya sumaku unayoiona kwa nje, ile 2, ni ya ushindi huo mwembamba.

Sasa ingiza kromiamu. Kromiamu ina nguvu ya 3, na ina tabia moja: hupenda kukaa katika timu ya pili tu, tena kwa kukiondoa chuma. Kila unapotoa chuma cha 5 na kuweka kromiamu ya 3, timu iliyokuwa ikishinda inapungukiwa. Ukibadilisha nusu ya chuma chote, timu ya kwanza inabaki na 5 na ya pili ina 2 na 3, ambayo pia ni 5. Kwa hesabu, ni sare kamili.  Katika maabara mambo hayanyooki kama hesabu, kwa sababu baadhi ya wachezaji huvuta kwa upande, lakini mwelekeo ni huo.

Lililo muhimu kwa mgonjwa, hata hivyo, ni kamba yenyewe. Kila sumaku ina kiwango cha joto ambacho ikikipita, gwaride lote huvurugika na usumaku hutoweka. Pierre Curie, mume wa Marie Curie, alikichunguza kiwango hicho mwaka 1895 na kikapewa jina lake. Kwa feriti ya nikeli isiyotiwa kitu, kiwango hicho ni karibu nyuzi 585. Ni mbali sana na mwili wa binadamu. Mgonjwa angekuwa majivu zamani. Lakini kromiamu hulegeza kamba baina ya timu zile mbili. Kadiri inavyoongezwa, ndivyo joto la kuvurugika linavyoshuka. Ukikiondoa chuma chote na kuweka kromiamu tupu, usumaku hutoweka kabla hata ya kufika nyuzi 200 chini ya sifuri, yaani baridi kuliko mahali popote duniani.

Kwa hiyo kati ya 585 juu ya sifuri na 200 chini yake, kuna mapishi yanayoangukia nyuzi 43. Chembe iliyopikwa kwa kipimo hicho ingepata moto ndani ya uvimbe, na ikifika 43 ingepoteza usumaku wake, moto ukakoma. Ikipoa kidogo, ingeamka tena. Isingehitaji kipimajoto, na daktari asingekuwa na haja ya kubahatisha. Pasi ya umeme nyumbani kwako hufanya vivyo hivyo kwa kifaa chake cha kujizima, ila hapa kifaa ni dawa yenyewe.

Hapa ndipo ninapomkumbuka kijana wa bangili, aliyesema kwamba sumaku ikiwa kali zaidi ndiyo dawa zaidi. Wenye kulitafiti jambo hili wanafanya kinyume chake kabisa. Wanaidhoofisha sumaku makusudi, wanaitia kromiamu ili iwe nyonge.

VIKWAZO

Msomaji asikimbilie hospitali kuulizia chembe hizo. Hazipo Mombasa, hazipo Nairobi, na feriti ya nikeli na kromiamu haitumiki kutibia binadamu popote. Kuna sababu mbili kubwa.

Ya kwanza tumekwisha kuigusa. Kromiamu inayoshusha kiwango cha kuvurugika ndiyo hiyo hiyo inayopunguza nguvu, na ili kufika 43 inabidi itiwe kwa wingi. Chembe inayobaki ni nyonge kiasi kwamba huenda isipate moto wa kutosha. Baadhi ya watafiti wamejaribu kromiamu katika michanganyiko mingine, kwa mfano ya kobalti na zinki, kwa nia hiyo hiyo.

Ya pili ni sumu. Nikeli ni adui wa ngozi za watu wengi, hasa wanawake. Huenda wewe mwenyewe umewahi kuvaa hereni za bei nafuu masikio yakatoa majimaji, au kifungo cha suruali ya jinzi kikakuachia upele mwekundu chini ya kitovu. Mara nyingi hiyo ni nikeli, na mwili ukishaichukia huichukia maisha. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuibana nikeli katika vitu vya kuvaa mwaka 1994. Nayo bangili ya sumaku, ikiwa imepakwa nikeli ili ing'ae, inaweza kumwachia mvaaji vipele alivyokuwa hana. Zaidi ya upele, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliziweka misombo ya nikeli katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1990. Kumtibu mtu saratani kwa kitu kinacholeta saratani si jambo la kurukiwa.

Kromiamu ina sura mbili. Iliyomo katika feriti ni ile wanakemia wanayoiita ya tatu, ambayo haina ukali mkubwa. Ile ya sita ndiyo hatari, na imo katika kundi lile lile la mwaka 1990.

Na hapa nataka kuzungumza na mafundi wa kuchomelea, kwa sababu sumu hizi ziko karibu nao kuliko wanavyodhani. Chukua sufuria ya stenlesi jikoni uibandikie sumaku. Mara nyingi haishiki, ingawa sehemu kubwa ya sufuria hiyo ni chuma. Ni kwa sababu imechanganywa na kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8 au zaidi, mchanganyiko unaozipanga upya atomu za chuma. Sasa fundi anapochomelea mlango, tangi au ngazi ya stenlesi, moshi unaopanda kwenye pua yake hubeba nikeli hiyo, na kromiamu ikiwa imegeuzwa na moto kuwa ya sita. Mwaka 2017 shirika lile la Lyon liliamua kwamba moshi wa kuchomelea, wa chuma chochote, huleta saratani ya mapafu. Wengi wa mafundi wetu wa jua kali huchomelea wakiwa na miwani ya jua tu, tena ndani ya kibanda cha mabati kilichofungwa pande tatu. Kutoa kazi nje penye upepo, kukaa upande unakotoka upepo, na kuvaa barakoa inayochuja moshi si anasa. Kitambaa cha mdomoni hakitoshi.

Fundi huyo huyo akiandikiwa picha ya MRI, lazima aseme kazi yake kabla ya kuingia. Kipande cha chuma kisichoonekana kilichorukia jichoni miaka kumi iliyopita kinaweza kusogezwa na mashine na kumpofusha. Wahudumu humuuliza kila mgonjwa, lakini nimesikia watu wakijibu "hapana" kwa kila swali ili wamalize haraka. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani naye aseme, na nyumbani asiweke sumaku, hata ya spika, karibu na kifua. Tena kuna watoto: vile visumaku vidogo vya vidude vya kuchezea vikimezwa viwili au zaidi hutafutana tumboni, vikabana utumbo katikati na kuutoboa. Mtoto akivimeza, usingoje avitoe mwenyewe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

TUDOR ILIPO

Tudor ina vitu vyote viwili vinavyohitajika katika hadithi hii. Ina chuo cha ufundi, kile ambacho wazee bado hukiita MIOME. Kilianzishwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengineo, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni chuo kikuu cha ufundi. Na karibu hapo iko hospitali kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu tunaiita Makadara. Kupika feriti hakuhitaji mtambo wa mabilioni. Kunahitaji chumvi za madini, tanuri na mtu mwenye subira. Sioni kwa nini kijana wa Tudor asiwe siku moja miongoni mwa wanaolitafuta pishi la nyuzi 43. Lakini hiyo ni habari ya kesho, na uvimbe haungoji.

La leo ni hili. Zamani mgonjwa wa saratani wa Pwani aliyehitaji mionzi alilazimika kupanda basi au gari la moshi hadi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, akalala kwa jamaa, na wengine wakakata tamaa njiani. Siku hizi tiba ya mionzi inapatikana hapa hapa Mombasa. Uvimbe wowote wa titi, uume usiume, unafaa kuonwa na daktari ndani ya siku chache. Ukikosa kuuma si dalili ya usalama. Saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni. Vivyo hivyo chuchu iliyoanza kuingia ndani, ngozi iliyojikunja kama ganda la chungwa, au damu inayotoka bila kunyonyesha. Si kila uvimbe ni saratani, na mara nyingi daktari atakurudisha nyumbani ukiwa na furaha. Ila hilo haliwezi kujulikana kwa kupapasa wala kwa msumari unaorukia bangili. Hujulikana kwa kipande kidogo cha nyama kinachotolewa kwa sindano na kutazamwa kwa darubini.

Mama yule alikatwa kipande hicho mwezi wa tisa tangu alipouona uvimbe. Amefanyiwa upasuaji, amemaliza dawa za kwenye mshipa, na nywele zimeanza kurudi chini ya buibui. Sasa anakwenda mionzi siku tano kwa juma, na mwanawe humsindikiza kwa tuktuk. Nilimuuliza bangili iko wapi. Akacheka, akaniambia iko jikoni, mlangoni mwa friji, imebana karatasi ya tarehe zake za kliniki. Kijana aliyemuuzia bado anapita mitaani, na safari hii ameongeza magodoro.